Vita ya Ziwa Tanganyika ingekuwa gemu kali kuliko haya tunayogombania pedi, nani anabisha?

Mwisho_wa_Reli:

Wakuu habari za jioni. Leo sina siasa wala udaku, nina mada ya gemu na muvi, najua humu kuna watu wa mpira mtupu wataniambia nihamie jukwaa lingine ila nivumilieni.

Huku kwetu Kigoma ukipita banda lolote la gemu, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, utakuta vitu viwili tu, mpira na GTA. Tena GTA yenyewe San Andreas, gemu la 2004 jamani, kuna madogo wanaligombania pale walizaliwa CJ, staringi wake, ameshamaliza misheni zote na kustaafu. Silisemi vibaya, gemu kali lile na mi mwenyewe nalipenda. Ila kinachoniuma ni kwamba tunajua mitaa ya Los Santos, mji wa humo ndani ya gemu, kuliko kilichotokea hapo ziwani tunapokoga.

Kwa wasiojua ngoja niwape kwa kifupi (najua haitakuwa kifupi). 1913 Wajerumani waliunda meli kwao Papenburg, wakaifumua yote wakaipanga kwenye masanduku kama 5,000, ikaja na bahari mpaka Dar, ikapanda treni mpaka hapa mwisho wa reli, ikaungwa upya, Februari 1915 ikaingia majini ikiitwa Graf von Götzen. Baadaye wakaifunga mzinga mkubwa wa manowari yao Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji Julai 1915. Hapo ziwa zima likawa la kwao, ng'ambo kule Wabelgiji wamekaa Kongo wanachungulia tu.

Sasa sikia Waingereza walichofanya, na hapa ndo pa gemu. Walichukua boti mbili ndogo za futi 40 zinaitwa Mimi na Toutou, wakazipakia melini kutoka Uingereza mpaka Cape Town, treni mpaka Katanga, reli ikaisha, wakazivuta porini na milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe na watu, wakakata miti, wakajenga madaraja, wakazishusha mto Lualaba, wakazipandisha tena treni mpaka ziwani hapo Kalemie. Kamanda wao anaitwa Geoffrey Spicer-Simson, mwili mzima michoro na alikuwa anavaa sketi, naapa sitanii, kasomeni. Tarehe 26 Desemba 1915, watu wametoka kula Krismasi, wakaikamata meli ya Mjerumani inaitwa Kingani kwa dakika kama kumi na moja hivi, wakaifanya ya kwao wakaiita Fifi. Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Hapo hujaongeza chumvi hata punje. Kuna safari, kuna silaha unaziboresha kadri unavyokwenda, kuna adui mdogo, wa kati na mkubwa, na yule mkubwa, Götzen, bado tunaye mpaka leo, ndo Liemba yetu hii hii. Niambieni gemu gani la vita lina stori kama hii halafu halijatengenezwa. Battlefield 1 ya 2016 ilikuwa ya vita hiyo hiyo ya kwanza ya dunia, wakaenda Uarabuni, wakaenda Italia, wakaenda Uturuki, Tanganyika hata kwa bahati mbaya hawakupita.

Karibuni tubishane.

Pedi_Mbovu:

Mkuu stori tamu sana, nimesoma mpaka mwisho na sio kawaida yangu. Ila gemu hapana. Yani nikae na pedi nusu saa navuta boti porini na ng'ombe? Mchezaji atazima aende zake. Mtu akilipia mechi anataka kitu cha haraka, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzie, ndo raha ya banda. Kwenye gemu la mpira la PES 6 ukimpa mtu Inter yenye Adriano kila mtu anajua kinachofuata, mguu wa kushoto toka kati ya uwanja, banda zima linasimama. Hilo boti lako lina nini cha kusimamisha banda?

Na nikuchane ukweli, ata hizo kampuni kubwa zenyewe zinaogopa. Konami walivyoacha PES wakaleta eFootball mwaka 2021 sura za wachezaji zilikuwa kama wametoka kupigwa na nyuki, dunia nzima ilicheka, na huo ni mpira ambao kila mtu anaujua. Sembuse vita ya ziwa ambalo Mzungu hajui lipo upande gani.

Mwisho_wa_Reli:

Pedi_Mbovu kumbe hujui watu wanacheza nini siku hizi. Kuna gemu la 2019 linaitwa Death Stranding, staringi ni mbeba mizigo, gemu zima anabeba maboksi mgongoni anapanda milima na kuvuka mito asianguke. Kuna SnowRunner, we kazi yako ni lori lako limenasa kwenye matope na unalinasua, basi, ndo gemu hilo, na watu wanalimaliza wanataka lingine. Sisi tuliowahi kusafiri kwa barabara kuja Kigoma masika miaka ile kabla ya lami tumelicheza bure bila pedi. Kwa hiyo usiniambie kuvuta boti hakuna mnunuzi.

Mgebuka_Mkavu:

Uzi bila picha ya yule kamanda na sketi yake haujakamilika. Nimeweka kambi hapa, naleta dagaa na ugali, endeleeni.

Mzee_wa_Mkanda:

Vijana nawasoma tu hapa nacheka. Mleta mada una hoja lakini umekosea njia, hii kitu ni muvi, sio gemu. Na muvi ilishatoka zamani sana kabla baba zenu hawajaoa, 1951, The African Queen, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart Oscar yake moja tu maishani aliipata humo.

Ila sasa wamefanyaje humo ndani? Kwanza hawakupiga picha huku, walipiga Kongo na Uganda. Pili kile kisa cha watu kuvuta boti nchi kavu hakipo kabisa, kuna Mzungu mlevi na dada wa misheni wanashuka mto na kimashua chao wanapendana njiani. Na meli ya Mjerumani wameipa jina lingine, na mwisho inazama. Sisi tulipanda hiyo meli kwenda Kasanga na mizigo yetu wao kwenye muvi walishaizika.

Mimi ni mtu wa mabanda ya video, enzi za mikanda, unaingia na sarafu yako unakaa kwenye benchi la ubao unatoka mgongo umekufa ganzi. Commando ya Schwarzenegger tuliiangalia mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Baadaye wakaja watafsiri, marehemu na walio hai, Lufufu, DJ Mack, hao watu walikuwa wanaibeba muvi. Mtu anapigwa kule Thailand, mtafsiri anakwambia huyu anadaiwa kodi ya chumba. Muvi mbovu kabisa inageuka tamu. Sasa chukueni hiyo African Queen, mpeni mtafsiri mmoja wa Kigoma hasa, aseme ukweli wa hiyo meli juu ya picha zao wenyewe. Hapo hamhitaji kiwanda cha gemu wala nini.

Pedi_Mbovu:

Shikamoo mzee. Hiyo ya mtafsiri nimeikubali asilimia zote. Nalipa hata buku mbili.

Kijana_wa_Urambo:

Mwangaluka wana Kigoma. Nimekaa kimya nikaona ngoja niwaache mmalizane kwanza lakini naona mnajisahau. Mnagombania vita ya Wazungu wawili wakitumia ziwa lenu kama uwanja. Mnyamwezi hapo yuko wapi, Muha yuko wapi?

Kama ni gemu la kutoka kanda ya magharibi basi ni la Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na sio la kupiga risasi, ni la kupanga mikakati, aina ile ya Age of Empires. Unaanza na kijiji, unakusanya rugaruga, wale wapiganaji wake, unateka njia ya misafara. Hiyo njia ndo ilikuwa hela yenyewe, pembe za ndovu zote za ndani zinapita Unyanyembe, hapo Tabora, kwenda pwani, ukiikalia shingo kila mtu anakuja kukusalimia. 1871 Mirambo aliifunga, Waarabu wa Tabora wakaenda kumpiga, na Stanley huyu huyu mnayemsoma shuleni alijiunga nao na bunduki zake, wakachapwa wakarudi mbio Tabora, jamaa ikabidi azunguke kusini huko ndo afike Ujiji kwa Livingstone. Hiyo sehemu walimu huwa wanairuka. Miaka mitano baadaye anakutana na Mirambo uso kwa uso wanachanjana udugu.

Age of Empires II waliongeza Afrika 2015, wakawaweka Waethiopia, Wamali na Waberberi. Ya tatu wakaongeza 2021, Ethiopia tena na Wahausa. Afrika mashariki ndani huku kwao ni pori la kupita twiga. Civilization, gemu lingine la mikakati, ndo usiseme, Shaka wa Wazulu kila siku Shaka, namheshimu lakini apumzike sasa.

Mwisho_wa_Reli:

Jirani Mirambo simkatai, ila huu uzi wa ziwa, kafungue wako.

Kijana_wa_Urambo:

Sifungui. Nabaki humu humu.

Mama_Mawese:

Jamani na mimi nichangie, msishangae wanawake tunacheza gemu, mwanangu mkubwa pedi kanikuta nayo.

Swali langu kwa mleta mada, hilo gemu lako mimi nitakuwa nani? Maana umeeleza vizuri kabisa, kamanda Mwingereza, meli ya Mjerumani, Wabelgiji, halafu ukapita haraka hapo ukasema "na watu". Hao watu ndo nani? Waliokata hiyo miti na kujenga hayo madaraja na kuvuta hizo kamba ndo babu zetu sisi na wa ng'ambo kule. Kama nitashika pedi niwe yule wa sketi natoa amri mbaki na gemu lenu.

Nasema hivyo kwa sababu tumeshaonyeshwa wakituweka wao tunatokaje. Kuna mtu humu amecheza Resident Evil 5? Ilitoka 2009. Wametunga mji wa Afrika wakauita Kijuju, staringi Mmarekani anashuka na bunduki, na wale wote wanaomkimbilia kutaka kumuua wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mi nilikuwa chumba cha pili nasikia sauti nikadhani watoto wameleta ugomvi ndani. Naingia naona mtu wa kufanana na mjomba wangu anapigwa risasi ya kichwa. Gemu limetengenezwa vizuri sikatai, linatisha, lakini kwa mara ya kwanza nasikia lugha yangu kwenye pleisteshen ya mwanangu na anayeiongea ni wa kuuawa. Mwenye kuua haongei hata neno.

Pedi_Mbovu:

Daaah mama umenikumbusha mbali. Sisi bandani tulikuwa tunashangilia kabisa tukisikia matusi ya Kiswahili, ata hatukuwaza upande huo. Kwenye gemu la Halo napo kuna Mombasa ya baadaye, majengo ya kufa mtu, toleo lake la ODST nzima ya 2009 unatembea Mombasa usiku, ila wenyeji huwaoni, mji mtupu.

Lakini tuwe wa haki, kuna lililotupa heshima. Civilization IV ya 2005, ukifungua tu kabla hujabonyeza chochote inapiga kwaya, Baba Yetu, sala ile ile ya Bwana kwa Kiswahili safi, katunga Christopher Tin. Hiyo ndo nyimbo ya kwanza ya gemu kushinda Grammy, 2011. Mi si mtu wa kanisani sana lakini nilikuwa naliacha hapo hapo bila kucheza.

Kijana_wa_Urambo:

Na ndani ya gemu hilo hilo lenye kwaya ya Kiswahili, taifa la Waswahili la kuchagua hakuna. Nimemaliza.

Mama_Mawese:

Nimecheka sana Kijana wa Urambo.

Ila msikate tamaa, mbona inawezekana. Kuna gemu limetoka 2024, Tales of Kenzera: Zau, la kijana mmoja Mwingereza mwenye asili ya Kenya, Abubakar Salim, ndo yule aliyefanya sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed ya Misri. Alifiwa na baba yake akatengeneza gemu la mganga kijana anayemdai mungu wa mauti amrudishie baba. Unaweza kuliweka lote liongee Kiswahili, na sio cha kutukanana, cha kuongea. Mwanangu alinitafuta jikoni nije nisikilize.

Na wale mnaosema stori ya zamani haina soko, mnaziona hizi tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili? Nenda saluni yoyote, nenda mama lishe pale stendi, kina mama wanakuchambulia nani alimpa nani sumu kwenye jumba la sultani miaka 500 iliyopita kama ni jirani yao wa Kasulu. Hakuna aliyewaambia ni historia, wangekimbia. Waliambiwa kuna mke mkubwa na mke mdogo, wakaja wenyewe.

Mgebuka_Mkavu:

Mama Mawese usimalize, kesho inaendelea saa ngapi.

Ila na mi nina swali zito kwa mleta mada. Umesema bosi wa mwisho, yule adui mkubwa, ni Liemba. Sasa bosi alipigwaje? Nimejaribu kusoma mwenyewe naona yule kamanda aliiona ile meli kubwa imetokea akaacha kwenda kuipiga. Gemu gani hilo mtu unakusanya silaha toka Cape Town ukifika mwisho unageuza boti?

Mwisho_wa_Reli:

Nilijua atatokea mmoja wa kuuliza hili.

Ni kweli, Spicer-Simson hakumgusa. Na hapa ndo nasema hakuna mtu angeweza kutunga kitu kama hiki. Baadaye mzinga ule mkubwa wa Königsberg Wajerumani waliung'oa kwa kuwa waliuhitaji nchi kavu, wakaweka gogo la mbao lililochongwa kama mzinga ili mtu akiangalia kwa mbali aogope. Juni 1916 Wabelgiji wakaleta ndege za kutua majini wakaja kutupa mabomu hapa Kigoma. Mwishoni Julai Wabelgiji wanakaribia na kwa nchi kavu, Wajerumani wakaona basi, mafundi wakaipaka mashine yote grisi nene, wakaizamisha wenyewe kwa adabu zote kwamba tutarudi kuichukua. Hawakurudi. 1924 Waingereza wakaiibua, grisi imefanya kazi yake, 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo bosi hapigwi. Bosi anafichwa.

Pedi_Mbovu:

Subiri kwanza. Mzinga wa MBAO?

Mkuu nafuta maneno yangu ya mwanzo, hapo umenipata. Yani levo zote unamkimbia huyo bosi, unajificha nyuma ya visiwa, muziki unabadilika akitokea, halafu mwisho unapanda juu unagusa mzinga unakuta gogo. Banda zima lingesimama, tena wangevunja na benchi.

Mzee_wa_Mkanda:

Staringi lazima apigane mwisho. Hiyo sheria haivunjwi. Mtu katoa hela yake, umwambie adui kajizamisha mwenyewe? Kwenye banda langu enzi zile wangedai warudishiwe.

Kijana_wa_Urambo:

Mzee wangu usihangaike, pambano la mwisho lipo, tena kubwa, ila haliko Kigoma ndo maana hawataki kulitaja. Hao Wabelgiji walipoichukua Kigoma walifanya nini, walikaa kula migebuka? Walifuata reli kuja Tabora. Septemba 1916 watu wamepigana siku nyingi kuuzunguka mji, milima ya Itaga huko, mpaka Tabora ikaanguka tarehe 19. Maelfu ya askari, sio boti mbili na gogo. Waliokuwa wanapigana pande zote mbili wengi wao Waafrika, Mama Mawese hapo umepata watu wako.

Na yale masanduku 5,000 yalipita wapi kufika Kigoma? Yalipaa? Yalipita stesheni ya Tabora. Kwa hiyo mwanzo wa gemu wetu, mwisho wa gemu wetu, nyie tumewapa maji ya katikati.

Mama_Mawese:

Hapo sasa naona stori. Na staringi mmpate kutoka huko huko, Wanyamwezi ndo walikuwa wapagazi wa nchi nzima hii tangu misafara ya pwani. Kijana anabeba sanduku la meli asilojua lina nini, anafika ziwani anaona linaungwa, anabaki kufanya kazi humo ndani, anakuwepo siku wanapaka grisi, halafu anarudi kwao anakuta vita imemtangulia. Huyo nikipewa nimcheze nitamcheza mpaka asubuhi.

Mzee_wa_Mkanda:

Na anapigana mwisho?

Mama_Mawese:

Anapigana mzee, Tabora pale.

Mzee_wa_Mkanda:

Basi sawa.

Mwisho_wa_Reli:

Yani nimeanzisha uzi wa Kigoma umeishia Tabora. Haya, mpagazi Mnyamwezi nimekubali, reli mchukue, ila humo melini atakuwa na mshikaji wake Muha wa Ujiji ambaye ndo anayejua kuogelea, maana huyo wenu akidondoka tu gemu limeisha. Na kwa kuwa Pedi_Mbovu ameshakubali, nani humu anajua kuchora tuanze na huo mzinga wa mbao? Haina haja ya pleisteshen, ianze ya simu, tena ile inayocheza bila bando.

Mgebuka_Mkavu:

Mi nachora. Ila nalipwa kwa migebuka, na nataka nianze na sketi.